Miwani ikibadilishwa kila mwaka, mpime mtoto konea

Kijana wa kidato cha pili aliletwa kwangu hapa Kaplong na mamake, mchuma chai, akiwa na miwani ya tatu katika miaka miwili. Ubao haukusomeka. Usiku, taa za magari pale njia panda ya Bomet na Kericho alikuwa akiziona kama zimepasuka, kila moja na kivuli chake. Na muda wote alifikicha macho. Nakiri kwamba mwaka uliotangulia nilimpa matone ya kutuliza mwasho, nikamwacha aende bila kumpima uwezo wa kuona.

Ndugu msomaji, ugonjwa huo huitwa keratokonasi. Konea, ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho kama kioo cha saa, huwa mwembamba na kulegea, kisha huchomoza mfano wa pia. Mwanga ukipita hapo hutawanyika, na miwani ya kawaida hushindwa kuukusanya. Aghalabu huanza wakati wa kubalehe. Kufikicha macho huuchochea, ndiyo maana mtoto mwenye aleji ya macho hafai kupuuzwa, kama nilivyompuuza huyu.

Je, kuna tiba? Ipo ya kuuzuia usiendelee. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na Theo Seiler na wenzake, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yakachapishwa mwaka 2003. Marekani iliidhinisha mwaka 2016. Daktari hutia ganzi ya matone, hukwangua ngozi ya juu ya konea, hudondosha riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa hivi, kisha humulika miale ya urujuanimno. Vitu hivyo viwili vikikutana, nyuzi za konea hushikana, kama fito za ukuta wa udongo zilizoongezewa kamba. Tafadhali usimeze vidonge vya B2 na kukodolea jua ukidhani ni yale yale, utaunguza jicho.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Siku za kwanza jicho huuma na kukimbia mwanga. Kwa majuma kadhaa, pengine miezi mitatu, mgonjwa huona ukungu kuliko alivyokuwa akiona kabla ya kutibiwa. Baadaye uoni hurejea ulipokuwa, na wengine huongeza mstari mmoja au miwili kwenye chati. Miwani au lenzi ngumu bado huhitajika. Wachache hupata maambukizi au kovu, kwa hivyo siku za kurudi kwa daktari zisikosekane. Tena konea iliyokwisha kuwa nyembamba mno haiwezi kustahimili miale hiyo.

Anzia kitengo cha macho cha Tenwek, Bomet, ukiulizie kipimo cha umbo la konea na mahali matibabu yanapopatikana.

Kijana wetu? Jicho la kulia lilikuwa tayari na kovu. Hilo miale haingelifaa kitu, likawekwa kwenye orodha ya kupandikizwa konea. La kushoto lilitibiwa. Miezi miwili mamake alinilaumu kwamba tumemharibia mtoto. Mwezi wa saba, akiwa na lenzi ngumu, kijana alinisomea kalenda iliyo ukutani nyuma yangu, hata jina la mchapishaji lililo chini.