Kamiriithu: Mazoezi Mbele ya Kijiji Kizima

Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili alasiri, mahali pa wazi ambapo mpita njia yeyote aliweza kusimama, kutazama, na kumwambia mwigizaji kwamba mzee wa makamo yale hazungumzi hivyo. Ndivyo tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ilivyoandaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Walioigiza walikuwa vibarua, wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa vishamba vidogo na vijana wasio na kazi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga jukwaa. Siasa za mchezo ule zimeandikwa sana, na ni haki ziandikwe. Mimi huvutwa zaidi na jambo linalotajwa kwa kupita tu: namna mtu asiyejua lolote la maigizo alivyopokelewa pale, na kile alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kamiriithu kilizaliwa kwa nguvu. Ni kimoja cha vijiji ambavyo serikali ya kikoloni iliwakusanyia watu katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Vita vikaisha, kijiji kikabaki. Katikati ya miaka ya 1970 palikuwa na ekari nne zilizotengewa vijana, na juu yake banda la udongo la vyumba vinne lililokaribia kuanguka. Mama mmoja wa kijijini akawa anamwendea mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake, Jumapili baada ya Jumapili, akimtaka aje kusaidia. Madarasa ya ngumbaru yakaanza 1976. Waliokwisha kujua kusoma walitaka kuendelea, na kwa kuwa jukwaa lilikuwamo katika mipango ya kituo tangu mwanzo, Ngũgĩ huyo na mwenzake Ngũgĩ wa Mirii waliombwa waandike mchezo. Kimani Gecau akawa mwelekezi.

Jukwaa lenyewe walijijengea. Vijana walipanga njiti za kiberiti chini kwanza, wakatengeneza mfano mdogo, kisha wanakijiji wakasimamisha ukumbi usio na paa wa kukalisha watu wapatao 2,000, viti vya mbao vikipanda kama ngazi na ukuta wa mianzi nyuma ya waigizaji. Hawakuwa na mhandisi.

Katika kumbi nyingi za mijini, wakati ule na hata leo, mazoezi hufanywa kwa siri. Watazamaji huletwa siku ya mwisho, kila kitu kikiwa kimeshang'arishwa, na anayeanza hujifunza mbele ya wachache wanaojua kumzidi. Kamiriithu mambo yaligeuzwa. Anayeanza alijaribu mbele ya wote, na wote hao nao walikuwa wanaanza. Ungedhani hofu ingezidi. Lakini umati ule ulikuja ukiwa na la kuchangia. Wazee walisahihisha lugha ya wazee. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilichokuwa jirani walieleza jinsi jasho la siku nzima linavyogeuka mshahara mdogo, na maelezo yao yakaingia katika mchezo. Waliotengeneza bunduki kwa siri zama za Mau Mau waliwaonyesha vijana jinsi kazi ile ilivyofanyika. Mtu alisimama kando, akasahihisha, na punde akajikuta ndani. Kufikia siku ya kuzindua, walikuwapo watazamaji waliojua maneno ya wahusika kwa moyo.

Nasema wasiojua lolote, lakini hapo pana kosa la kuangalia. Walichokosa ni ukumbi. Uimbaji na uigizaji walikuwa nao tangu utoto, maana katika desturi za Wakikuyu, jamii yao, hakuna jambo kubwa la maisha lisilokuwa na wimbo wake na mwendo wake wa mwili: kuzaliwa, kutahiriwa, kupanda, kuvuna, kuoa. Kulikuwa na Ituika, sherehe ya kizazi kimoja kukikabidhi kingine uongozi, iliyochukua miezi kadhaa ya karamu, ngoma na maigizo. Serikali ya kikoloni iliizima katika miaka ya 1920. Kulikuwa na Muthirigu, ngoma ya kuwapinga wamisionari na serikali, iliyopigwa marufuku mwaka 1930. Mtawala alijua vizuri kwamba hayo ni maigizo, na ndiyo maana aliyaogopa.

Mengine yangali hai. Nenda kwenye ruracio leo, siku ya kupeleka mahari. Wageni wa upande wa kijana wakifika hukuta lango limefungwa. Wanawake walio nje huimba wakiomba kufunguliwa. Walio ndani hujibu kwa wimbo, wakiuliza ni akina nani hao na wamekuja kutafuta nini. Majibizano yanaweza kuchukua muda mrefu, na kila upande hutunga papo hapo. Baadaye wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na kijana hutakiwa amtambue wake. Akikosea, hutozwa faini na umati hucheka mpaka machozi. Shangazi anayetoka kijijini kwa mara ya kwanza kuungana na kundi la lango hafanyiwi majaribio. Husimama nyuma, huitikia kiitikio, husogea kidogo kidogo, na siku moja hujikuta ndiye anayeanzisha. Sauti ikimtoka vibaya, sauti za wenzake huifunika. Sijui shule ya maigizo inayofundisha kwa upole kuliko huo.

Ngaahika Ndeenda ilisimama juu ya msingi huo. Kisa chake ni cha Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, na mkewe Wangeci, wanaoshawishiwa na tajiri Kioi wafunge ndoa upya kanisani, wachukue mkopo kwa ajili ya harusi, na mwishowe wanapoteza ardhi. Sehemu ya harusi ya jadi ilihitaji gitiiro, nyimbo za majibizano zinazoimbwa na wanawake, na waandishi, wasomi wa chuo kikuu, hawakuijua. Mama mzee wa Kamiriithu asiyejua kusoma wala kuandika aliwaimbia neno kwa neno, nao wakaandika. Hapo ni nani aliyekuwa mwanafunzi?

Mazoezi yalikuja na nidhamu ambayo hakuna aliyeiamuru kutoka nje. Kijiji kilijulikana kwa ulevi. Kundi likakubaliana kwamba pombe na jukwaa haviendi pamoja, na ulevi ukapungua kwa namna iliyowashangaza wakazi wenyewe. Watu waliokuwa wakitazama miguu yao walipozungumza waliinua nyuso.

Mchezo ulizinduliwa tarehe 2 Oktoba 1977, Jumapili alasiri. Watu walikuja kwa miguu na kwa magari ya kukodi. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta leseni, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa kwa takribani mwaka mmoja.

Kundi halikuvunjika. Mwishoni mwa 1981 walianza mazoezi ya Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, mchezo uliobebwa na nyimbo nyingi mno, zilizotoka katika jamii mbalimbali za Kenya. Kwa hiyo watu wa Limuru waliokwisha kuzoea jukwaa wakaanza upya, wakijifunza kuimba katika lugha ambazo hawakuzaliwa nazo. Februari 1982, walipotarajia kuonyesha katika Kenya National Theatre, walikuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi yao hadharani kama walivyozoea kijijini. Maelfu walifika, ukumbi ukajaa na wengine wakasimama nje, hadi mazoezi hayo nayo yakakatazwa. Mwezi Machi polisi walikwenda Kamiriithu na kubomoa ukumbi wa mianzi na mbao. Maitu Njugira haikupata siku yake ya kuzinduliwa mwaka ule. Wote walioiona waliiona ikiwa mazoezi.