Mshahara wa mwanajeshi Marekani si wote wa kutumwa nyumbani

Kijana wetu akipata viza ya Marekani, akajiunga na jeshi la huko, mtaani tunaanza kumjengea ghorofa kwa midomo. Wazazi wenzangu, tuielewe kwanza hesabu yake.

Malipo yana mafungu mawili. La kwanza ni mshahara wa msingi, unaofuata cheo na miaka ya utumishi. Aprili 2025, askari wa daraja la chini kabisa, E-1, aliyepitisha miezi minne kazini, alifikia dola 2,319 kwa mwezi. Huo hukatwa ushuru.

La pili ni marupurupu, yasiyotozwa ushuru wa mapato. Ya chakula yalikuwa dola 465.77 kwa mwezi mwaka huo, lakini anayekula kambini kwa kawaida hukatwa gharama ya mlo. Ya nyumba hutegemea cheo, mji, na kama ana mke au watoto. Kapera wa cheo cha chini anayelala bwenini kwa kawaida hayapati. Na anayeyapata, mwenye nyumba anamngoja.

Kwa hivyo, kabla ya kumuitisha pesa za harusi, naomba tumuulize: baada ya ushuru na kodi ya nyumba, mwanangu, umebakiwa na nini?