Vitu Vidogo Kando ya Reli Ndogo



Kila mtoto wa kwetu aliyepata kukunja waya akaufanya motokaa ajua furaha ya kukifanya kitu kikubwa kuwa kidogo. Magurudumu manne na usukani, naye aridhika. Lakini mtoto mwenye macho makali haridhiki upesi. Hutafuta vizibo viwili vya chupa akavifanya taa, na ikiwa lori lipitalo kijijini mwao lina mlango mmoja wa rangi mbali, basi na lake litakuwa na mlango huo. Hapo wenzake humwambia, "Hili ni lori la fulani!" Kabla ya mlango ule lilikuwa lori tu.

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za watu wazima wafanyao kazi ya namna hiyo kwa magari ya moshi. Huko Uingereza, na Ujerumani na Marekani vilevile, wako watu wengi ambao saa zao za mapumziko huzitumia kwa kujenga reli ndogo juu ya meza. Injini huendeshwa kwa umeme, na umeme huo hupita katika reli zenyewe. Anayeanza kazi hii hudhani ya kuwa imekwisha, reli zikiisha kulazwa na gari likiisha kuzunguka. La, hapo ndipo inapoanza. Gari lizungukalo juu ya ubao mtupu ni kitu cha kuchezea. Weka kando yake ua lililoegama, rundo la makaa, na majani machache yaliyoota katikati ya mataruma, nalo lapata mahali pa kutoka na mahali pa kwenda.

Kwanza yapasa tuelewe kipimo. Katika Uingereza mafundi wengi hutumia milimita 4 badala ya kila futi moja, yaani kila kitu hupunguzwa mara 76. Mtu mwenye kimo cha futi 5 na inchi 9 atakuwa na milimita 23. Mlango wa futi sita na nusu utakuwa na milimita 26. Tofali lenye urefu wa inchi 9 lawa milimita 3, na kimo chake, pamoja na udongo wa kuungia, ni milimita 1 tu. Hesabuni wenyewe: ukuta wenye urefu wa futi 20 na kimo cha futi 12 utakuwa na matofali zaidi ya 1,200, na fundi mwaminifu huyapa rangi mbalimbali, kwa kuwa hakuna tanuru litoalo matofali ya rangi moja. Tena maili moja kwa kipimo hiki ni mita 21 na zaidi. Nani aliye na chumba cha mita 21? Hapo hapana budi kudanganya kidogo: njia hupindishwa nyuma ya kilima, au hupitishwa chini ya daraja la barabara, ili jicho lisitambue ya kuwa ulimwengu umekwisha.

Mfano mwema wa kazi hii uko katika kijiji cha Long Wittenham, magharibi ya London, katika jumba liitwalo Pendon. Aliyelianzisha, mwaka 1954, ni Bwana Roye England, ambaye ijapokuwa jina lake ni jina la Uingereza, kwao kulikuwa Australia. Alifika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana apendaye magari ya moshi. Akakaa karibu na bonde liitwalo Vale of White Horse, yaani Bonde la Farasi Mweupe, kwa sababu ya farasi mkubwa ambaye watu wa kale walimchora kwa chokaa katika ubavu wa kilima. Bonde hilo lilipitiwa na reli ya kampuni ya Great Western, na kando yake palikuwa na vijiji vya nyumba za kale zilizoezekwa kwa nyasi.

Kijana yule alikuja kwa ajili ya injini, lakini nyumba zilimkamata. Aliona paa za nyasi zikiondolewa na kuwekwa vitu vya kiwandani, kuta za kale zikibomolewa, na wenyeji wasione ajabu, kwani mtu hazoei kutazama nyumba aliyozaliwa ndani yake. Akaazimia kuliweka bonde lile katika umbo dogo, kama lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930, kabla halijapotea. Alitoka na kipimo chake akazipima nyumba. Kijiji alichokianza huitwa Pendon Parva. Jina hilo ni la kubuni, lakini nyumba zake ni mifano ya nyumba za kweli zilizotoka katika vijiji mbalimbali vya bonde. Kuta zake zimefanywa kwa karatasi nene iliyopakwa rangi za maji, na paa kwa nyuzi za katani, zile wanazotumia mafundi wa mabomba kuzibia maungio. Nyumba moja yaweza kumla fundi miezi mingi. Bwana England alifariki mwaka 1995 kijiji hakijakwisha, na wengine wakaendelea nacho.

Katika jumba hilohilo imewekwa reli nyingine iliyo maarufu, Madder Valley, ambayo Bwana John Ahern aliijenga tangu miaka ya 1930. Kabla yake wengi waliifanya reli kwanza, kisha nafasi iliyobaki wakaitia nyumba mbili tatu. Yeye aliifanya nchi, na reli akaipitisha ndani ya nchi, kama ipitavyo kweli.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, nami nitaanza na njia, maana hapo ndipo wengi hukosea. Reli zinunuliwazo dukani hung'aa pande zote. Nendeni mkaitazame reli ya kweli: juu, pale magurudumu yapitapo, hung'aa kama kisu, ubavuni ni kutu tupu. Basi fundi hupaka reli yote rangi ya kutu, kisha hufuta sehemu ya juu kwa kitambaa kabla rangi haijakauka. Lakini njia ya kando, ambayo mabehewa mabovu huachwa, huiacha na kutu hata juu yake. Mtazamaji hataambiwa neno, naye atajua ya kuwa hapa gari halipiti siku hizi.

Kokoto zapasa kuchekechwa mpaka ziwe ndogo kuliko mbegu za mchicha, zipangwe kwa brashi zikiwa kavu, ndipo zishikizwe kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji. Hapa kuna hila moja. Maji ya gundi yakidondoshwa juu ya kokoto kavu hujikusanya kama tone juu ya jani la myugwa, nayo huzivuruga. Tia matone machache ya sabuni katika gundi, na tone litalegea na kuzama polepole, wala kokoto haitasogea. Zikiisha kukauka, pakeni rangi nyeusi ya mafuta kidogo pale injini isimamapo, kwa kuwa injini hudondosha mafuta imesimama. Na mahali ambapo magari hupiga breki, karibu na stesheni, rangi ya njia yaelekea wekundu wa kutu, kwa sababu ya vumbi la chuma litokalo katika breki.

Mwaona ya kuwa kila doa lina sababu yake. Hilo ndilo jambo lililo kubwa katika kazi hii yote. Masizi huwa chini ya daraja, katikati, juu ya njia ya gari lipandalo kilima, maana injini ipandayo hutoa moshi zaidi ya ile ishukayo. Kuvu la kijani huota chini ya bomba livujalo la tangi la maji. Rangi ya mlango huchubuka karibu na kitasa, si karibu na bawaba. Fundi anyunyiziaye uchafu kila mahali ili reli yake ionekane kuukuu hupata reli chafu tu.

Juu ya rangi nina neno moja zaidi. Mtu asimamaye umbali wa mita moja na reli ya kipimo hiki ni kama atazamaye vitu vya kweli kutoka mita 76. Na kitu kilicho mbali hakina rangi kali, kwani hewa iliyo kati huipunguza. Kwa hiyo nyeusi yapasa kuwa kijivu kizito, nyeupe iwe na umanjano kidogo, na rangi yoyote ing'aayo kama sahani ikwanguliwe. Vilima vya nyuma, vilivyochorwa ukutani, vielekee buluu hafifu. Mtu akipaka injini yake rangi ileile ya kopo lililopakia injini ya kweli, itaonekana kali mno, naye atashangaa kwa nini.

Majani zamani yalifanywa kwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani na kumwagwa juu ya gundi. Siku hizi mafundi hutumia nyuzi fupi sana, huzitia katika chekecheke yenye nguvu ya umeme, na zikidondoka juu ya gundi mbichi husimama wima kama mpunga. Ni jambo zuri sana kulitazama. Ila majani yakisimama yote sawasawa, ni busati. Yapasa yawe marefu karibu na ua, ambapo ng'ombe hawafiki, mafupi katikati, na njia ya miguu ikatize palipo karibu zaidi, wala si pale barabara ilipochorwa, kwa maana ndivyo watu watembeavyo. Mto nao hufanywa kwa kupaka kitanda chake rangi nyeusi-nyeusi katikati na hafifu kandokando, kisha kupaka vanishi tabaka baada ya tabaka, kila moja ikauke kwanza. Mwenye haraka hupata mto wa maziwa.

Kuna vitu ambavyo heri kuviacha. Nguzo za simu ni lazima, lakini nyaya zake? Uzi mwembamba wa kushonea, wa robo ya milimita, ukizidishwa mara 76 ni milimita 19, yaani kamba ya kufungia ng'ombe dume. Mafundi wengi huzisimamisha nguzo bila nyaya, na jicho la mtazamaji huzitia lenyewe. Kadhalika sanamu za watu. Mtu aliyefanywa akikimbia, mguu mmoja juu, hupendeza mara ya kwanza. Baada ya saa moja yu palepale na mguu wake juu, na uwongo wote wa reli umefichuka. Chagueni watu walioketi, walioegemea ukuta, wanaozungumza, mwanamke aliyetua mzigo wake. Hao waweza kukaa miaka kumi bila kumchosha mtu.

Labda mtauliza, mambo haya ya Waingereza yatuhusu nini? Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, nayo ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya iliyo pana zaidi, nayo ikawachukua abiria wa Mombasa na Nairobi. Stesheni ndogo za njia ya kale ziliachwa na abiria wao: majengo ya mabati na mbao, matangi ya maji, viti vya mbao vilivyolainishwa na wasafiri wa miaka mingi. Nyingine zachakaa mbele ya macho yetu, na ni hali ileile aliyoiona Bwana England katika bonde lake.

Kwa wanafunzi kipimo chepesi ni sentimita moja badala ya mita moja. Upana wa njia ya kale utakuwa sentimita moja kamili, na rula ya shule yatosha. Mtu mzima atakuwa na milimita 17. Bati la mawimbi hufanywa kwa karatasi ya fedha itokayo katika paketi za chai: ilazeni juu ya kitana chenye meno ya karibu-karibu, kisha isugueni kwa ukucha. Kwa paa za makuti au nyasi, nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi hutosha. Udongo, chukueni uleule wa mahali penyewe, mkauchekeche kwa kitambaa. Lakini ujaribuni kwanza kando, kwa sababu ukishikwa na gundi huweza kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa.

Msianze na kukata karatasi. Anzeni na kupima. Nendeni wawili wawili na kamba yenye mafundo ya kila nusu mita, mmoja ashike, mmoja aandike. Andikeni madirisha ni mangapi na yafunguka upande gani, bati lipi limeshika kutu, ukuta umemeguka wapi. Kisha waulizeni wazee akina mama waliuzia ndizi chini ya mti upi gari lilipofika, kwa sababu mti huo hauandikwi katika ramani ya reli. Na stesheni ikiwa imekwisha kubomolewa, mwombeni mzee aliyefanya kazi pale aichore mchangani kwa fimbo yake, naye atembee toka mlangoni mpaka ukingoni mwa njia kama alivyozoea, nanyi mhesabu hatua zake.