Kijana Wako Ameshuhudia Vurugu: Ufanye Nini?

Katika mitaa ya Nairobi kama Mathare na Kibera, kijana anaweza kukutana na vurugu akitoka tu shuleni: mapigano ya magenge, mwizi anayepigwa na umati, au vitoa machozi siku ya maandamano. Si lazima apigwe yeye ndipo aumie. Kumwona rafiki akiumizwa pia huacha jeraha.

Kwa nini anabadilika?

Mtu akiwa hatarini, mwili hutoa homoni za kumwandaa kupigana au kukimbia. Moyo huenda mbio na misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini kijana anayeishi na hofu kila siku hukosa nafasi ya kutulia. Ndiyo maana anaweza kufoka kwa jambo dogo, ingawa si mkaidi.

Dalili za kuangalia

- Ndoto mbaya, kukosa usingizi au kushtukashtuka
- Kujitenga au hasira za mara kwa mara
- Kuumwa kichwa au tumbo bila sababu inayoonekana
- Kukwepa shule au njia fulani
- Kuanza pombe, bangi, au kubeba kisu "cha kujilinda"

Wavulana wengi huficha hofu ndani ya hasira, kwa sababu wameambiwa mwanamume halii.

Unachoweza kufanya nyumbani

Chagua wakati mtulivu, labda mkipika pamoja. Mwambie: "Nimeona siku hizi hulali vizuri. Ukitaka kuongea, nipo." Msikilize bila kumkatiza. Usianze na "Ulikuwa unatafuta nini huko?" Swali hilo humfunga mdomo. Usimlazimishe kusimulia. Pangeni pamoja njia iliyo salama zaidi na wenzake wa kutembea nao.

Wakati wa kutafuta msaada

Dalili zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kusoma, mpeleke kituo cha afya. Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Kijana akibakwa, awe msichana au mvulana, mfikishe hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usisubiri kwanza kwenda polisi.

Nchini Kenya, namba 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

Nawe mama, kama uliona aliyoyaona, huenda umeumia pia. Tafuta mtu wa kukusikiliza.