Niliona Namba Ngeni Kwenye Wi-Fi, Nikajua Nimedukuliwa

Wafanyabiashara wenzangu, Ijumaa moja nilikuwa na oda 11 za nguo za watoto, na mizigo inatakiwa iwahi basi la alfajiri pale stendi ya Mbezi. Ghafla simu inaonyesha Wi-Fi ipo, ila intaneti hakuna. Kompyuta inapata vizuri. Printa ya lebo nayo kimya. Na wewe unajua, ukishapokea hela ya mtu halafu hujibu meseji, unaitwa tapeli.

Nikafungua mipangilio ya Wi-Fi. Anwani ya IP ya simu inaanza na 192.168.0, ya kompyuta inaanza na 192.168.1. Nyumba moja, namba mbili tofauti! Moyo ukanidunda. Nikampigia fundi wa mtaani.

"Dada, tulia. Namba za 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, haziendi kwenye intaneti. Nani kaongeza ruta?"

Kumbe mdogo wangu alichomeka ruta ya zamani chumba cha nyuma ili Wi-Fi ifike. Kila ruta hugawa anwani. Zikiwa mbili, kifaa kinafuata iliyowahi kujibu. Simu na printa vilifuata ile ya zamani, ambayo yenyewe haina njia ya kutoka nje.

Ikikukuta, fanya hivi:

1. Chomoa ruta ya ziada. Zima simu na printa, washa tena. Sehemu tatu za mwanzo za namba zikifanana kwenye vifaa vyote, tatizo umelipata.

2. Kama bado unaihitaji, ingia kwenye mipangilio yake. Ipe anwani isiyotumika, mfano 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1. Kisha zima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani. Waya wa kutoka ruta kuu uchomeke tundu la LAN, siyo WAN.

3. Ukiona 169.254, kifaa hakikupewa anwani na ruta yoyote, kimejipa chenyewe. Kagua waya, washa ruta upya.

4. Hakuna ruta ya pili, ila kwenye orodha kuna vifaa usivyovijua? Badili nywila ya Wi-Fi leo leo.

Mizigo iliwahi basi. Ila tangu siku ile simu yangu haikosi bando la akiba, maana mteja hajui habari za ruta, anachojua ni kwamba hujamjibu.