Pampu Haijafa, ni Sili Tu Imeungua

Kama umewahi kusimama kando ya kidimbwi saa saba mchana, umevuta kamba, injini ya pampu inanguruma vizuri kabisa lakini mwisho wa paipu hakutoki hata tone, basi wewe ni mwenzangu. Keti tuongee.

Mimi ilinipata Ruiri, mwezi wa Agosti. Kwa wale hamjafika, Ruiri iko kati ya Meru mjini na Isiolo, upande ambao mlima unaanza kukuacha na jua linakushika. Mvua ya kutegemewa huku ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Julai ni vumbi tu, na ukitaka kula kitu cha kijani lazima ukinyweshe mwenyewe. Binamu yangu alikuwa amekodi nusu ekari ya vitunguu, mbolea amechukua kwa deni, na maji yanatoka kwenye kidimbwi alichokichimba akakitandika karatasi nzito ya plastiki. Pampu haikuwa yetu. Ilikuwa ya chama cha akina mama, shangazi ndiye alituombea.

Niseme ukweli: kosa lilikuwa langu. Binamu alienda kuchota petroli, akaniachia pampu. Nami nikapanda juu ya ukingo kutafuta mtandao, nipandishe video ya vitunguu vikinywa maji. Kidimbwi kikashuka, chujio la mwisho wa paipu likabaki nje linavuta hewa, na pampu ikanguruma kavu kwa dakika kama kumi hivi. Nilishtuka niliponusa mpira ukiungua. Video yenyewe ilipata likes kumi na nne.

Tulipoijaza maji tena, ikavuta kidogo halafu ikaacha. Maji yakawa yanadondoka kati ya injini na pampu, pale zinaposhikana. Tukaibeba kwa bodaboda hadi duka moja la mjini. Jamaa wa kaunta hakuifungua hata bolti moja. "Hii imeisha, kijana. Chukua mpya." Mpya ni maelfu ya pesa. Sisi mfukoni tulikuwa na nauli. Na vitunguu vilikuwa vimeanza tu kujaza, wakati ambao ukivinyima maji wiki moja unavuna vitu vya ukubwa wa gololi.

Aliyetuokoa ni fundi wa bodaboda pale soko la Ruiri. Alichuchumaa, akauliza swali moja tu.

"Maji yanatoka wapi?"

"Hapa katikati, mzee."

"Basi pampu ni nzima. Sili ndiyo imeenda."

Sili (si ile ya kukataa chakula) ndiyo moyo wa hadithi hii, kwa hivyo nivumilie. Pampu nyingi za petroli unazoona mashambani zina injini ya silinda moja ya muundo wa Honda GX160, ambao viwanda vya China vimeunakili kila namna. Shafti ya injini inapenya ndani ya kasha la maji na kuzungusha impela, ile feni ya chuma inayosukuma maji. Sasa jiulize: kama kuna tundu la shafti kupita, mbona maji hayatoki hapo? Ni kwa sababu kuna pete mbili zinazosuguana uso kwa uso, moja ya kaboni nyeusi, nyingine ya kauri nyeupe, na springi inazisukuma zibanane. Zinasuguana maelfu ya mara kwa dakika, na kinachozipoza ni maji yaleyale zinayoyazuia. Ondoa maji, zinachemka. Kauri inapasuka, mpira unaungua, hewa inaingia, na pampu inayoingiza hewa haivuti kitu.

Watu wa boti wanalijua jambo hili kuliko sisi wa nchi kavu. Mashine za boti za kule Lamu au Ziwa Victoria zina pampu ndogo ya maji upande wa chini, karibu na propela, ya kupoza injini, na impela yake ni ya mpira. Ndiyo maana nahodha akiwasha mashine huangalia kwanza ule mchirizi mwembamba unaotoka ubavuni. Usipotoka, anazima papo hapo, kwa sababu mpira ule ukizunguka mkavu haumalizi hata dakika chache. Impela yetu ni chuma, haifi upesi hivyo. Sili ndiyo hufa badala yake.

Fundi alikuwa na foleni ya pikipiki, akasema nifungue mwenyewe, yeye atakuwa akinitupia jicho. Kwanza vua waya wa plagi, usije ukazungusha shafti injini ikaamka na vidole vyako viko ndani. Mwaga maji kwa kile kizibo cha chini. Fungua bolti za kifuniko cha mbele, ondoa kasha la ndani lenye umbo la konokono, na ukumbuke ringi za mpira zilikaa wapi. (Mimi nilipiga picha kila hatua. Angalau simu ililipa deni lake.)

Hapo unakutana na impela, na hapo ndipo wengi hukwama. Haina nati. Yenyewe ndiyo nati, imejifunga kwa nyuzi kwenye shafti. Inafunguka kinyume na mwendo wa saa ukiitazama kwa mbele, lakini ukiizungusha, injini nzima inazunguka nayo. Usichukue nyundo ukaitwanga, utavunja mabawa yake. Fundi alitoa plagi, akaingiza kamba laini ndani ya silinda pistoni ikiwa inapanda kubana hewa, ikawa kama kabari. Kisha akaegemeza kipande cha mti kwenye bawa la impela, akagonga kwa nguvu mara mbili. Ikaachia. Nyuma yake unaweza kupata washa nyembamba kama karatasi. Hizo usizipoteze hata moja. Ndizo zinazoweka nafasi kati ya impela na kasha; nafasi ikipungua mno itakwaruza, ikizidi itavuta kivivu.

Sili ya zamani ilikuwa aibu tupu. Kauri ilikuwa na nyufa kama matope yaliyokauka, mpira umekuwa lami. Nenda nayo dukani vilevile ilivyo, usitegemee kusema "ya inchi mbili", maana pampu mbili za inchi mbili zinaweza kuwa na sili tofauti. Ilinigharimu mia chache tu. Halafu nikaivunja. Ndiyo, mpya. Niliigonga moja kwa moja na nyundo kwa haraka, kauri ikakatika vipande viwili, nikarudi dukani mara ya pili huku binamu yangu akikataa kuniongelesha.

Ya pili niliiweka kwa adabu. Unasafisha kiti chake hadi king'ae, unapaka mpira maji ya sabuni (grisi hapana), unaifunika kwa kitambaa safi, kisha unaisukuma polepole kwa kipande cha paipu chenye upana uleule, ikiingia sawa pande zote. Zile nyuso mbili zinazosuguana usiziguse kwa vidole vyenye mafuta wala mchanga, zifute kavu. Ukirudisha kifuniko, kaza bolti kwa kupishana, kona kwa kona. Toa ile kamba ya silinda. Kabla ya kuunganisha plagi, vuta kamba ya kuwashia taratibu usikilize. Ukisikia chuma kinakwaruza, fungua tena.

Halafu usiwashe! Jaza maji kwanza kupitia kile kizibo cha juu mpaka yamwagike. Pia usiiweke pampu mbali sana juu ya maji. Watengenezaji wengi huandika mita saba au nane za kuvuta, ila hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000 unapoteza zaidi kidogo ya mita moja, na Meru mjini ni karibu mita 1,500.

Tuliwasha saa kumi na moja jioni. Paipu ikakohoa, ikatema tope, kisha ikajaa. Binamu akaniongelesha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Simu weka mfukoni."

Siku ya kuirudisha pampu, shangazi alikuwa ameshawaeleza wenzake kila kitu, pamoja na ile harufu. Mweka hazina wa chama hakunilaumu. Alifungua kizibo cha juu, akachungulia, akachukua jagi la maji akaijaza yeye mwenyewe, akafunga. Kisha akaandika jina langu kwenye daftari, na mbele yake akaandika: "asiachiwe peke yake".