STELINGI WA PICHA HAFI, YA GARI INAKUFA!

Ijue pawa stelingi ya mkoko wako kabla hujaingizwa mjini

WATOTO wa mjini wanajua jambo moja kuhusu sinema: stelingi hafi. Atapigwa, atasukumwa kutoka ghorofani, lakini picha ikiisha yupo, tena na mrembo pembeni. Sasa msomaji wangu, stelingi ya gari haina bahati hiyo. Hii inakufa, na ikiamua kufa haichagui kona wala mteremko.

Wewe unayekata kona kwa mkono mmoja huku mwingine umeuning'iniza dirishani unauza sura, unadhani ni nguvu zako hizo? Wapi! Gari dogo tu lina tani moja hivi, na uzito mwingi umekalia tairi za mbele. Muulize mzee yeyote aliyeendesha Land Rover 109 ya zamani jinsi alivyokuwa akipaki kwa jasho. Wewe una msaidizi. Swali ni je, unamjua?

WA KWANZA ANAKUNYWA OILI

Huyu ni mkongwe. Mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, alionyesha mfumo wake mwaka 1926, lakini gari la abiria lenye kitu hicho halikuingia sokoni mpaka 1951, lilipotoka Chrysler Imperial.

Kazi yake ni hivi. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, na pampu inasukuma oili kwa nguvu kuelekea kwenye stelingi reki, kule chini kunakosukuma tairi. Ukigusa usukani, kijichuma chembamba kilichopo kwenye vali kinajipinda kidogo. Hapo vali inafungua njia: ukikata kulia, oili inasukuma upande mmoja, ukikata kushoto, inasukuma upande wa pili.

Nguvu ya oili hiyo si ya mchezo. Upepo wa tairi yako ni kama 30 tu kwenye geji, lakini oili ya stelingi ukikata mpaka mwisho inaweza kupita 1,000 kwa kipimo hichohicho. Ndiyo maana ukiushikilia usukani mwisho kabisa unasikia gari linalia "ngwiii". Usiushikilie hivyo zaidi ya sekunde chache, unaiua pampu.

WA PILI ANAKULA UMEME

Huyu alianzia Japani mwaka 1988 kwenye kigari kidogo cha Suzuki Cervo. Leo ndiye amejaa kwenye IST na Passo za mjini. Hana pampu, hana oili, hana mipira. Ana mota ya umeme, kompyuta, na kifaa kinachopima mkono wako unakaza kiasi gani. Ukipaki, mota inasaidia sana. Ukiwa mwendo kasi inapunguza msaada, usukani unakuwa mzito kidogo ili gari lisiyumbeyumbe.

Uzuri wake ni kwamba barabara ikinyooka mota inapumzika, wakati pampu ya oili inazunguka muda wote injini ikiwaka, huku inakula mafuta yako. Ubaya wake? Betri ikichoka au alteneta ikigoma, naye anagoma. Tena ukichezesha usukani sana gari likiwa limesimama, mota inapata joto na kompyuta inapunguza msaada mpaka ipoe. Usikimbilie kusema imekufa.

MJINI SHULE

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Fungua boneti. Ukiona kikopo cha oili chenye alama ya usukani, gari lako ni la oili. Hakuna kikopo, na ukiwasha swichi taa ya usukani inawaka kwenye dashibodi kisha inazimika? Kwa kawaida hilo ni la umeme. Fundi akikwambia analiongezea hilo oili ya stelingi, mwombe akuonyeshe anaimimina wapi. Utaona anavyojikuna kichwa.

Kwa wenye la oili, usukani ukiwa mzito angalia kwanza vitu vya bei chee: oili imepungua? Mkanda umelegea? Mpira unavuja? Usikubali kununua reki nzima kabla ya hapo. Na usimwage oili yoyote tu. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF, ile nyekundu, lakini Honda wana ya kwao. Oili ya breki humo ni sumu, inaharibu sili zote.

Taa ya usukani ikibaki inawaka kwenye gari la umeme, tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia. Nyundo haisomi kompyuta.

USIZIME GARI MTEREMKONI!

Sasa sikia hili vizuri. Kuna vijana wakifika mteremko kama wa Kitonga, kule njia ya Iringa, wanazima injini eti wanabana mafuta. Ndugu yangu, injini ikizimika pampu inasimama, na breki zinabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Ukichomoa na ufunguo, usukani unajifunga kabisa. Na mafuta hubani chochote cha maana, maana injini za EFI zinakata mafuta zenyewe ukiteremka na gia huku umeachia moto.

Na ikitokea msaidizi amekufa mwenyewe njiani, usipige kelele ukaachia usukani. Vyuma bado vimeunganisha mikono yako na tairi, gari litakata, ila kwa misuli. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo taratibu, washa taa za hatari, sogea pembeni. Kadiri mwendo unavyopungua usukani unazidi kuwa mzito, kwa hiyo anza kukata mapema.

Wasichana wanaoendesha, hili linawahusu vilevile. Mkono ule wa dirishani, kaka, urudishe ndani. Siku msaidizi akigoma utauhitaji.